Burma ya Ukutani

Mama yangu aliuza mapazia na mashuka ya mitumba katika soko la Tala, na kwa miaka yote aliyokaa pale ni kitu kimoja tu kilichomshinda kuuza. Kilitoka ndani ya belo la mapazia, mwishoni mwa miaka ya tisini, kikiwa kimekunjwa vibaya na kufungwa kwa kamba. Kilikuwa kizito mno kuwa pazia, chenye kukwaruza mno kuwa blanketi, na kwa kuwa kilikuwa na picha za watu, hakuna aliyetaka kukitandika mlangoni afutie miguu. Wanawake waliozoea kugombania kamera, yaani zile nguo za kwanza kuchaguliwa belo linapofunguliwa, walikishika, wakakigeuza, wakakirudisha. Mmoja aliuliza kama ni cha kanisa. Mwingine alisema kinanuka nyumba ya mzee. Kikashuka daraja hadi kikawa fagia, yale mabaki yanayouzwa wenye macho wakishaondoka, na hata kwenye fagia hakikuchukuliwa.

Nayasema haya kwa sababu baadaye watu wa kwetu walikizungumzia kana kwamba kililetwa nyumbani kwa heshima na nderemo. Kililetwa kichwani mwa mama, siku ya soko, kwa sababu Julai ilikuwa imeingia na bibi alikuwa hatupi usingizi kwa kulalamikia baridi.

Bibi huyo, mama yake baba, tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyowaita bibi zao. Aliishi katika nyumba yake ya matofali upande wa pili wa ua wetu. Alinusa ugoro, alikuwa mkali, na kanisani alikaa benchi ya mbele, si kwa ucha Mungu mwingi bali apate kusikia vizuri mambo ya kukosoa akifika nyumbani. Mama alimheshimu na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Alikitandaza kile kitu juu ya kitanda chake, akarudi nyuma, akangoja kuambiwa kwamba kinawasha.

Kilikuwa nguo nene ya kufumwa, sufu na nyuzi za kung'aa hapa na pale, kubwa kiasi cha kufunika kitanda na kuburura chini. Upande mmoja kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, maana yake kilikuwa kikubwa zaidi zamani. Picha yake ilikuwa ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Kulikuwa na nyumba nyembamba zenye paa juu ya paa, ncha zake zimepinda kuelekea mbinguni. Kulikuwa na watu wadogo wenye kofia zilizochongoka, mmoja ameshika mwavuli ingawa hakuna mvua wala jua. Ndege mwenye mkia mrefu alikuwa ametua juu ya mwamba, naye alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Katikati ya yote ulipita mto mpana wa rangi ya vumbi, na ukingoni mwake ulisimama mti wenye majani makubwa kama masikio ya ndovu.

Susu alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayethibitisha jambo alilokuwa ameambiwa, kwamba ni kule.

"Kule wapi, mwaitu?" mama akauliza; mwaitu ni mama kwa Kikamba.

"Kule. Mbama."

Alimaanisha Burma. Mumewe, babu yetu, aliandikwa jeshini na Waingereza wakati wa vita vya pili vya dunia, akapelekwa huko na hakurudi. Alipoondoka, baba yangu alikuwa bado tumboni. Habari za kifo zililetwa na chifu, amesimama, hajavua kofia, na hazikuwa na zaidi ya hayo: amefia Burma. Hakukuwa na mwili, wala kiatu, wala mahali.

Mahali ndipo palipomsumbua Susu, na alilisema hilo waziwazi kwa yeyote aliyekuwa na subira ya kumsikiliza. Kifo chenyewe alikuwa amekikubali, kwani wajane walikuwa wengi na kazi ilikuwa nyingi. Lakini wafu wa kwetu wamelala kwenye kona ya shamba, unajua yupi yuko wapi, unapalilia ukiwazunguka, mbuzi akipanda juu unamfukuza. Mumewe, Susu hakujua amweke wapi. Akimkumbuka, alimkumbuka akiwa anaelea hewani, na jambo hilo lilimkera kama vile mtu aliyekuja kutembea akakataa kukaa kitini.

Sisi wajukuu hatukumsaidia. Kuna soko la nyama Nairobi linaloitwa Burma, nasikia lilipewa jina hilo na haohao waliotoka vitani, na kwa miaka mingi ya utoto wetu tuliamini kwamba babu alienda kununua nyama na akafia huko. Binamu yangu mmoja alifika mbali zaidi, akasema alikatwa kwa panga la mchinjaji katika ugomvi wa matumbo. Susu alipomsikia alimtandika, kisha akacheka.

Chote alichokijua kuhusu nchi ile alikipata kwa mtu mmoja. Alikuwa askari mwenzake babu, mwenyeji wa ng'ambo ya kilima chetu, aliyerudi vita vilipokwisha akiwa na koti zito la jeshi alilolivaa hata wakati wa kiangazi. Mtu huyo alikuja kwa Susu, akakaa, akamsimulia. Alisema huko nyumba zina paa juu ya paa. Alisema watu huvaa kofia zilizochongoka kama kifuniko cha chungu. Alisema kila kitu ni kijani na mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa chuki, mpaka viatu vinaoza miguuni. Na alisema babu yetu alikufa akivuka mto mpana, kwa haraka, bila maumivu, na wenzake wakamtoa majini wakamlaza ukingoni chini ya mti wenye majani makubwa. Alirudia kusimulia mara nyingi, na Susu aliyabeba maneno yale zaidi ya nusu karne bila kuwa na picha hata moja ya kuyatundikia. Sasa mkwewe alikuwa ameyatoa yote kwenye belo la mapazia: paa, kofia, mto na mti.

Hakulalia ile nguo hata usiku mmoja. Baba aliitwa aje na nyundo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache na suruali zenye mkunjo. Hakuwahi kumwona baba yake, na baba yake hakuwahi kujua kama alipata mwana au binti. Alichorithi kutoka kwake kilikuwa ule mto. Alikua akiambiwa kwamba baba yake alikufa akivuka mto, na tangu hapo aliogopa maji yanayokwenda. Mvua zikinyesha na kijito cha kwenda shuleni kikijaa maji ya kufika magotini, wanafunzi wake walivuka wakicheka na yeye alizunguka mpaka darajani, akafika akiwa amechelewa na kujiandikia kosa. Sisi watoto wake hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Tulikatazwa hata kuosha miguu mtoni.

Aliitundika ile nguo kwenye ukuta unaotazama mlango, kwa misumari ya mabati, kila msumari umepitishwa kwenye kizibo cha soda kilichopondwa ili usichane. Alipiga nyundo bila kuangalia picha. Alipomaliza alisema ukuta sasa utapata mchwa, akaenda zake.

Kuanzia hapo kitu kile kikaitwa Burma, kama jina la mtu wa nyumbani. "Niletee kikopo cha ugoro, kiko hapo chini ya Burma." "Nani amefungua mlango, Burma inaingia vumbi." Wageni walioneshwa. Susu aliweka kidole kwenye ukingo wa mto, chini ya mti, mahali ambapo mfumaji alikuwa ameacha nyasi tupu, na kusema, "Yeye yuko hapa." Hakulia, wala hakuomba mtu alie. Alionyesha kama unavyomwonyesha mgeni choo kiko upande gani. Na nadhani kwa mara ya kwanza tangu awe mjane alikuwa na raha, kwa sababu aliacha kulalamikia baridi ingawa baridi ilikuwa ileile.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika kiwanda cha nguo kule Athi River, nikipanga chumba Mlolongo pamoja na wasichana wawili na harufu ya dizeli ya malori. Kazi yangu ilikuwa ukaguzi. Suruali zilipita mbele yangu kutwa nzima, nami nilitafuta kosa, nikalibandikia kistika chekundu, nikairudisha suruali kwa fundi aliyenichukia. Kazi ya namna hiyo ukiifanya muda mrefu inakuharibu macho. Nilienda harusini nikaona mshono wa bibi harusi umepinda. Nilienda mazishini nikaona kitambaa cha jeneza kimekatwa kinyume.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani mwisho wa mwezi niliikagua Burma, na nikaona kwamba kwetu kiwandani isingepita hata mlango wa kwanza. Daraja lake lilianzia ukingoni na kuishia hewani. Mvuvi alishika fimbo isiyo na uzi. Kivuli cha nyumba kililala kushoto na kivuli cha mti kikalala kulia, kana kwamba nchi ile ilikuwa na majua mawili yasiyosemezana. Nilimwambia Susu kwamba aliyefuma hii angepewa barua ya onyo. Akanijibu kwamba mimi tangu mtoto nina kasoro ya kutazama vitu vya watu.

Kosa moja tu nililomwonyesha lilimpendeza. Nyuma ya nguo kulikuwa na bitana ya gunia jepesi, imeanza kuachia, nami nikaifumua kona nione mafundo. Nyuma, ambako mwanga haukuwahi kufika, rangi zilikuwa mbichi. Mto uliokuwa wa vumbi upande wa mbele ulikuwa buluu. Miti iliyokuwa ya kahawia ilikuwa kijani kibichi cha mahindi yaliyopata mvua, na nyuzi zilizoning'inia zilikuwa nyingi kama nywele. Susu akainama, akatazama, akaniita mjinga kwa sababu nilikuwa sijamwambia mapema.

"Aliniambia kila kitu huko ni kijani," akasema. "Mwite baba yako."

Baba akaja na nyundo tena, akang'oa misumari, nikaifumua bitana yote, akaigeuza Burma nyuma mbele. Mgeni yeyote mwenye akili angedhani tumekosea. Susu alisema huu ndio upande wake, ule mwingine ni wa kuweka ukutani, na mtu asimfundishe kushika nguo.

Mwaka uliofuata akataka apigwe picha nayo. Nikaazima kamera, akavaa gauni la kanisani, akaketi mbele ya Burma na mikono magotini, uso wa mtu anayesubiri kuhukumu. Picha ilipotoka nikaibeba kiwandani kwa sababu ilinichekesha, nikawaonyesha wenzangu wakati wa chai. Ndipo ikaonwa na msimamizi wetu wa ushonaji, mama mmoja kutoka China aliyekuwa amejifunza Kiswahili kwa kutugombeza.

Aliishika picha, akaisogeza machoni, akaanza kucheka mpaka akaketi.

"Hii nini?"

"Ni kwetu," nikamwambia. "Kwa bibi. Hiyo ya nyuma ni Burma, ama China, karibu huko kwenu."

"Hii hapana China." Alikuwa akipangusa macho. "Kofia hii hapana. Ndege hii hapana. Nyumba hii, mtu analala wapi? Hapana mlango!" Kisha akagonga kwa ukucha kibendera kidogo juu ya paa, chenye alama ambazo sote tulidhani ni maandishi. "Hii hapana andika. Mtu amefanya hivi, hivi, hivi tu." Akachora hewani kama mtoto asiyejua kusoma anayejifanya anaandika.

Nikamuuliza kama huenda ikawa Burma basi. Akasema Burma hajafika, lakini hata Burma watu wanaingia nyumbani kwa mlango.

Angeishia hapo ingekuwa mzaha wa chai. Lakini picha ile ilimpendeza, na wiki iliyofuata alipokuja mkaguzi wa wanunuzi, mwanamke wa Kifaransa aliyetumwa kuangalia oda ya kampuni yake, akamwonyesha apate kucheka naye. Yule Mfaransa hakucheka. Aliuliza nani mwenye picha. Nikaitwa ofisini, na kwa jinsi nilivyoitwa nilidhani nimefutwa kazi.

Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole, na nilimwelewa vizuri kwa sababu alizungumza kama mkaguzi mwenzangu. Alisema nguo za ukutani kama ile zilifumwa Ufaransa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika miji ambayo kazi yake ilikuwa hiyo. Matajiri wa wakati ule walikuwa wameshikwa na wazimu wa mambo ya China, wakitaka China kwenye sahani, China kwenye viti, China kwenye kuta. Wachoraji wakawachorea China, na wafumaji wakaifuma. Nikamuuliza wachoraji hao walikaa China miaka mingapi. Akasema hawakufika. Karibu wote hawakufika. Waliona sahani mbili tatu na kusikia hadithi za mabaharia, mengine wakajazia wenyewe. Alilisema hili kwa upendo, kama mtu anayesimulia utundu wa watoto wake.

Kisha akauliza kama bibi yangu anaweza kuiuza. Alikuwa tayari kulipa vizuri, na alitaka kuja kuiona kwa macho yake.

Nilimpelekea baba habari hizo mwisho wa mwezi. Yeye alikuwa amestaafu, kiangazi kilikuwa kimekaa kwetu kama mgeni asiye na haya, na mama alikuwa akichota maji mbali kwa punda wa kukodi. Baba alifikiri kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Alisema tutajenga tangi kubwa la maji, lenye mabati ya kukinga kutoka nyumba zote mbili, na Susu mwenyewe ataoga kila siku kama malkia.

"Hatakubali," mama akasema. "Pale ndipo amemweka mzee."

"Amemweka mahali ambapo hapako," baba akasema. "Akijua si Burma, ataiachilia. Mama si mjinga." Akanigeukia. "Wewe ndiye umeelezwa. Utamwambia ukweli wote."

Sikumuuliza kwa nini asimwambie yeye. Nilikuwa na maoni kwamba ukweli ni kitu kizuri kwa kila mtu, hayo ndiyo malezi ya stika nyekundu, na nilikuwa na hamu ya kuuona uso wa Susu akijua. Udadisi tu.

Mgeni alikuja Jumamosi asubuhi kwa gari la kiwanda. Mama alimkaribisha barazani kwetu, akamwekea chai ya maziwa na viazi vitamu, na kumwonyesha kwa ishara kwamba nyumba ya bibi inapigwa maji kidogo ifagiwe, angoje. Haikuwa inafagiwa. Mimi nilikuwa ndani yake, nimeketi juu ya kigoda mbele ya Susu, na baba alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, anatazama kuku.

"Susu," nikaanza, "hii kitu si ya Burma."

"Umeanza tena na kasoro zako."

"Aiee, sikiza. Ilifumwa Ufaransa. Ni huko Ulaya, kwa huyu mgeni. Ni ya zamani sana, kabla ya vita, kabla hata wazungu hawajafika hapa. Walikuwa wanataka picha za China kwa nyumba, wakachorewa. Na hata si China. Mchina mwenyewe ameiangalia akacheka."

Akatoa ugoro, akaweka kidogo kwenye ukucha, akanusa, akangoja upande mmoja wa pua upate haki yake kisha upande wa pili.

"Aliyechora hakufika huko?"

"Hakufika."

"Na aliyefuma?"

"Hata yeye. Alifuata mchoro."

"Na paa juu ya paa alizijuaje?"

"Alisikia. Watu wa meli walisimulia. Labda aliona kwa sahani."

"Alisikia," akasema Susu, akapangusa pua kwa ncha ya leso. "Basi ni kama yule mwingine."

Nikamuuliza mwingine gani.

"Yule wa koti. Wa ng'ambo ya kilima." Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yeye hakufika Mbama. Alikuwa anapikia askari Nanyuki, vita vyote, mwanzo mpaka mwisho. Meli hakupanda. Mambo ya huko aliyasikia kwa waliokuwa wanapita hapo kambini wakirudi, naye akayapanga. Mke wake ndiye aliniambia, tukiwa kisimani, mwaka uleule. Aliniambia kwa wivu. Mume wake alikuwa anakuja hapa sana kunisimulia, yule mke akachoka."

Nilitazama mlangoni. Baba alikuwa ameacha kutazama kuku.

"Ulijua?" nikasema. "Miaka hii yote ulijua, na bado ukayashika?"

"Kwani nani mwingine alikuja?"

Hakukuwa na uchungu katika swali hilo. Aliniuliza kama unavyouliza ni nani mwingine aliyeleta kuni, na akangoja nimjibu. Serikali ilikuja mara moja, imesimama. Jeshi halikuja. Wenzake waliomwona akifa, kama wapo waliomwona, walikuwa watu wa makabila mengine na walirudi makwao. Alikuja mpishi mmoja kutoka Nanyuki, akiwa na koti ambalo pengine halikuwa lake, akakaa chini na kumpa mjane nchi nzima. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilikuwa nimeona kosa na sikujua pa kubandika stika.

Baba aliingia. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi, jambo ambalo hakulifanya nyumbani.

"Mwaitu," akasema. "Na mto?"

"Mto gani?"

"Mto aliokuwa anavuka."

Susu akamtazama. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtu mwingine naye alikuwa ameyabeba maneno yale.

"Alisema mto," akajibu. "Mimi sikuwa huko."

"Kwa hiyo inaweza kuwa hakukuwa na mto."

"Inaweza."

Baba alikuwa anakaribia miaka sitini. Alisimama katikati ya chumba cha mama yake, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote, pamoja na Susu mwenyewe, maana Susu alikuwa amechagua na yeye hakuulizwa. Nilitamani nirudishe maneno yangu, si kwa sababu yalikuwa ya uongo.

Nje tulimsikia mgeni akisifu viazi, na mama akimjibu kwa Kikamba.

Susu akainuka kwa shida, akishika ukingo wa kitanda. Akamshika baba kiganja, kama anayemvusha barabara, akamvuta mpaka ukutani. Baba hakuwa amewahi kusogea karibu na Burma ila akiwa na nyundo. Susu akauweka mkono wake wazi juu ya ule mto, juu ya mafundo na nyuzi zilizoning'inia, akaushikilia hapo kwa mkono wake.

"Mimi nimemweka hapa," akasema. "Kama wewe uko na mahali pengine, niambie tumhamishe."

Baba hakuwa na mahali pengine. Alikaa na mkono wake pale, akitazama kwa karibu, kutoka paa hadi kofia hadi mti, kama mtu anayesoma. Kisha akavaa kofia yake, akatoka nje kumwambia mgeni kwamba amalize chai yake polepole, lakini kitu hakitoki.